Wahasibu Watoke Maofisini

Mkoa wa Katavi ni miongoni mwa mikoa michanga ya nchi hii. Ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa, na makao yake makuu yakawekwa mjini Mpanda. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604 katika eneo lake. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu watu 1,152,958. Hakuna mkoa mwingine wa Tanzania Bara uliokua kwa kasi hiyo katika kipindi hicho. Wengi wa walioongezeka wamefuata ardhi na riziki: mpunga wa Kakese na Mpimbwe, mahindi na maharage ya Katumba na Mishamo, tumbaku, asali ya Inyonga, samaki wa Ikola na Karema, na dhahabu ya wachimbaji wadogo.

Mali hiyo haijifikishi yenyewe kwa mlaji. Ipo mikono inayoipokea shambani, kuikoboa, kuifungasha, kuisafirisha na kuiuza. Mikono hiyo ni ya mwenye mashine ya mpunga, mnunuzi wa mazao, mwenye duka la pembejeo, fundi seremala, mama lishe na kikundi cha warina asali. Sera ya Maendeleo ya Viwanda Vidogo na Biashara Ndogo ya mwaka 2003 iliwapanga wananchi wa namna hii katika madaraja: mwenye wafanyakazi wasiozidi 4 na mtaji usiozidi shilingi milioni 5 yuko katika daraja la chini kabisa, na mwenye wafanyakazi 5 hadi 49 na mtaji usiozidi shilingi milioni 200 yuko katika daraja la pili. Karibu soko zima la Mpanda limo katika madaraja hayo mawili.

Watu hawa wana kilio kimoja kinachofahamika kwa kila mtumishi aliyewahi kufanya kazi mkoani humo. Msimu wa mavuno unapofika, mazao ni mengi na bei iko chini, lakini fedha ya kununulia haipo. Mfanyabiashara huenda benki, hupewa orodha ya mambo yanayotakiwa, hurudi nyumbani na haonekani tena. Akiulizwa, husema kwamba amekosa dhamana. Wanaomsikiliza humwonea huruma, huilaumu benki, na mazungumzo huishia hapo.

Ukweli ni kwamba dhamana ni nusu tu ya habari. Benki haiishi kwa kuuza nyumba za wadaiwa; huishi kwa marejesho ya mikopo. Swali la kwanza la ofisa wa mikopo mwenye akili ni hili: fedha hii itazalisha nini, lini, na rejesho litatoka wapi? Mfanyabiashara wa Mpanda analijua jibu, kwa kuwa ameishi nalo kwa miaka 10 au 15. Ila jibu hilo limo kichwani mwake, halimo katika daftari. Ofisa wa mikopo hawezi kupeleka kichwa cha mwombaji mbele ya kamati ya mikopo. Huhitaji karatasi yenye tarakimu. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika zama hizi, mali bila daftari hukosa hata mkopo.

Kwa hiyo kazi ya kumfikisha mfanyabiashara mdogo kwenye mtaji ni kazi ya mhasibu kabla ya kuwa kazi ya benki. Na hapo ndipo lilipo pengo kubwa katika mikoa kama Katavi.

Yafaa ikumbukwe kwamba njia ya Mwafrika kuelekea kwenye mkopo ilifungwa kwa makusudi. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilitunga sheria za kubana mikopo kwa wenyeji, ambazo zilimfanya mfanyabiashara asiye Mwafrika ashindwe kudai mahakamani deni alilomkopesha Mwafrika, isipokuwa kwa idhini ya ofisa wa serikali. Ilidaiwa kwamba nia ilikuwa kumlinda mwenyeji asilemewe na madeni. Matokeo yake ni kwamba hakukopeshwa, na asiyekopeshwa hakuwa na sababu ya kujifunza vitabu vya hesabu. Hata reli ya kutoka Kaliua hadi Mpanda, iliyofika mjini hapo karibu na mwaka 1950, haikujengwa kwa ajili ya mkulima. Ilijengwa kusafirisha madini ya risasi. Mgodi ulipofungwa mwaka 1960, reli ilibaki, lakini ujuzi wa hesabu wa kampuni uliondoka pamoja na makarani wake.

Baada ya Uhuru milango ilianza kufunguliwa. Februari 1967 mabenki ya kigeni yalitaifishwa na Benki ya Taifa ya Biashara ikaundwa. Mwaka 1972 ilitungwa sheria iliyoanzisha Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, ili nchi iwe na wahasibu wake yenyewe. Mwaka 1973 likaanzishwa Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO. Mwaka 1997 Benki ya Taifa ya Biashara iligawanywa na ndani yake ikazaliwa NMB. Mwaka 2005 Benki Kuu ilianzisha mfuko wa kudhamini mikopo ya biashara ndogo na za kati. Mwaka 2015 ikazinduliwa Benki ya Maendeleo ya Kilimo. Ni dhahiri basi kwamba vyombo havikukosekana. Kilichokosekana ni mtu wa katikati, anayeijua lugha ya soko na lugha ya benki kwa wakati mmoja.

Mahali mtu huyo anapokosekana, hujitokeza mwingine asiyehitaji daftari. Huyo ni mkopeshaji wa mtaani, ambaye mikopo yake wananchi wameipa jina la kausha damu. Haulizi faida wala hasara. Huuliza kadi ya benki na namba yake ya siri, hati ya kiwanja, au friji na televisheni ya sebuleni. Walimu na watumishi wengine wanazifahamu habari hizi kuliko mtu yeyote, kwa kuwa kadi zinazolala katika makasha ya wakopeshaji hao ni zao. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 na kanuni zake za mwaka 2019 ziliweka utaratibu wa leseni, na wakopeshaji wasiopokea amana wakawekewa ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Hata hivyo, Novemba 2024 Benki Kuu ililazimika kutangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha kwa njia ya simu bila leseni. Sheria inaweza kumzuia mkopeshaji mbaya, lakini haiwezi peke yake kumfanya mfanyabiashara akubalike kwa mkopeshaji mwema.

Lipo jambo jingine linalowahusu watumishi wenyewe. Si siri kwamba mwalimu au mganga mwenye mshahara hukopesheka kwa urahisi, kwa sababu rejesho hukatwa kabla fedha haijafika mkononi. Wengi huchukua mkopo wa mshahara na kuutia katika duka la mke, bodaboda ya kijana au ununuzi wa mpunga. Benki katika hali hiyo haikuipima biashara, imeupima mshahara. Biashara ikifa, deni huendelea kuishi kwa miaka 5 au 6, na darasani huingia mwalimu mwenye mawazo mengi. Laiti mradi huo ungepimwa kwa hesabu kabla ya fomu kusainiwa, baadhi ya madeni hayo yasingezaliwa kabisa. Ndiyo maana suala hili halimhusu mwenye duka peke yake.

Ili ieleweke vizuri mhasibu anafanya nini, uchukuliwe mfano wa kubuni wa mwenye mashine ya kukoboa mpunga mjini Mpanda. Anataka mkopo wa shilingi milioni 15 alipe kwa miaka 2. Mhasibu anakaa naye siku 3, anakusanya vipande vya karatasi, ujumbe wa malipo ya simu na stakabadhi, na kupata picha ifuatayo. Mauzo ya mwaka ni shilingi milioni 60. Mpunga ulionunuliwa uligharimu shilingi milioni 42. Umeme, vibarua, usafiri, pango na kodi ni shilingi milioni 9.6. Inabaki shilingi milioni 8.4. Katika hiyo, familia imechukua shilingi 400,000 kila mwezi, yaani milioni 4.8 kwa mwaka. Kilichobaki kwa ajili ya biashara ni shilingi milioni 3.6, sawa na shilingi 300,000 kwa mwezi.

Rejesho la shilingi milioni 15 kwa miezi 24, bila hata kuhesabu riba, ni shilingi 625,000 kwa mwezi. Biashara hii haiwezi kulibeba. Ofisa wa mikopo angeligundua jambo hilo kwa dakika 10 na kulikataa ombi. Mwombaji angeondoka akiamini kwamba amenyimwa kwa sababu ya unyonge wake.

Mhasibu hakomei hapo. Anauliza: hizo milioni 15 ni za nini? Anajibiwa kwamba ni za kununua mpunga mwezi Juni, wakati bei iko chini, na nyingine za kuziba mapengo. Anapochunguza mapengo anakuta shilingi milioni 4 ziko mikononi mwa wateja waliokopa mchele na hawajalipa. Hayo si mahitaji ya mkopo. Ni madeni ya kukusanywa. Mwishowe inaonekana kwamba kinachohitajika ni shilingi milioni 6 kwa miezi 8, kuanzia Juni hadi mwishoni mwa Januari. Kwa uwiano wa mwaka uliopita, mpunga wa milioni 6 utaleta ziada ya shilingi milioni 2.57 juu ya bei ya kununulia. Ukiondoa shilingi 900,000 za umeme, vibarua na usafiri, hubaki takriban shilingi milioni 1.67.

Sasa riba ndiyo itakayoamua. Mkopo huo ukitolewa kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi na kulipwa wote mwishoni mwa msimu, riba itakuwa shilingi 720,000, na mfanyabiashara atabaki na faida ya shilingi 950,000. Ukitolewa kwa asilimia 3.5, ambayo ni halali kwa mujibu wa kanuni, riba itakuwa shilingi 1,680,000. Faida yote imeliwa, na pungufu kidogo juu yake. Ukitolewa mtaani kwa asilimia 10 kwa mwezi, riba itafika shilingi milioni 4.8, na mashine yenyewe itaanza kuvizwa na mkopeshaji. Mtu ni yule yule, mpunga ni ule ule, soko ni lile lile. Tofauti ya kupanda na kuanguka imo katika hesabu ya ukurasa mmoja, ambayo hakuna aliyemfanyia.

Katika mfano huo mhasibu amefanya mambo 4. Amekipunguza kiasi kinachoombwa hadi kulingana na uwezo. Amelinganisha muda wa mkopo na msimu wa biashara, ili asije mtu wa mpunga akadaiwa rejesho la kila mwezi kama mwenye mshahara. Amemwonyesha mteja ni riba gani anayoweza kuibeba na ni ipi aikimbie. Na amemfungulia macho kuona fedha yake mwenyewe iliyolala kwa wateja. Mambo hayo 4 yakiandikwa vizuri na kuambatishwa na taarifa ya faida na hasara, mizania, na makadirio ya fedha inayoingia na kutoka kila mwezi, ombi hilo halifanani tena na yale yanayotupwa kando.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya makampuni makubwa. Historia inakataa. Uandishi wa hesabu kwa pande mbili haukubuniwa na maprofesa. Mtawa wa Kiitalia Luca Pacioli alipouchapisha mjini Venice mwaka 1494, alikuwa anaeleza desturi iliyokwisha kutumiwa na wafanyabiashara wa mji huo. Elimu hii ilitoka sokoni ikaingia vitabuni. Kuirudisha sokoni si kuishusha hadhi. Ni kuirejesha nyumbani kwake.

Aidha, daftari la mfanyabiashara mdogo halihitaji kuwa na mambo mengi. Linahitaji ukurasa wa mauzo ya kila siku, ukurasa wa manunuzi na gharama, ukurasa wa wanaodaiwa na wanaodai, na hesabu ya bidhaa zilizopo kila mwisho wa mwezi. Linahitaji pia nidhamu moja ambayo ni ngumu kuliko hesabu yenyewe: fedha ya duka isichanganywe na fedha ya nyumbani. Mwenye duka ajipangie posho yake na kuiandika, badala ya kuchota kila mgeni anapobisha hodi. Mauzo yapitishwe benki au katika namba ya simu ya biashara, ili kuwe na ushahidi mwingine nje ya daftari. Daftari la namna hiyo likitunzwa kwa miezi 12 mfululizo, huzungumza mbele ya ofisa wa mikopo kuliko barua 10 za utambulisho.

Hapa hapana budi kuligusa jipu ambalo wengi huliogopa. Wafanyabiashara wengi hawaandiki hesabu kwa kuhofia kodi, na baadhi ya wanaoandika huwa na madaftari mawili: jembamba kwa ajili ya Mamlaka ya Mapato na nene kwa ajili ya benki. Ujanja huu humrudia mwenyewe. Benki huomba hati ya makadirio ya kodi, hukuta mauzo ya shilingi milioni 10, kisha husoma katika ombi mauzo ya milioni 60. Swali linalofuata halina jibu jema: ni nani kati ya hawa wawili amedanganywa? Isitoshe, sheria yenyewe imewahi kumpendelea mwenye kumbukumbu. Katika viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2019, mwenye mauzo kati ya shilingi milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka alitozwa shilingi 100,000 kama hakuwa na kumbukumbu. Mwenye kumbukumbu alitozwa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Mwenye mauzo ya milioni 5 alilipa shilingi 30,000 badala ya 100,000. Mhasibu anayemweleza mteja wake jambo hili kwa lugha ya kawaida huwa amelihudumia Taifa na mteja kwa pigo moja.

Mhasibu mwema humwonyesha mteja pia milango ambayo peke yake asingeiona. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005 ilifungua njia ya mazao yaliyohifadhiwa katika ghala lenye leseni kuwa dhamana ya mkopo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua hatimiliki ya kimila, ambayo ni mwanzo wa dhamana kwa wengi wasio na kiwanja mjini. Zipo pia taasisi za kuchakata taarifa za wakopaji, ambazo zilipewa leseni baada ya kanuni za Benki Kuu za mwaka 2012. Wengi huziogopa kama orodha ya wadaiwa sugu, lakini anayekopa kidogo na kulipa kwa wakati hujijengea humo jina ambalo ni mali. Na mifuko ya udhamini, ule wa Benki Kuu na ule wa Benki ya Maendeleo ya Kilimo, huweza kubeba sehemu ya hasara pale dhamana ya mwombaji inapopungua. Mifuko hiyo haichukui nafasi ya hesabu. Hudhamini biashara inayoonekana, na biashara huonekana kwa vitabu vyake.

Swali linalobaki ni hili: nani ataifanya kazi hii Katavi? Wahasibu wenye ofisi zao binafsi wamejazana katika miji mikubwa, kwa kuwa huko ndiko waliko wateja wanaolipa. Haifai kuwalaumu kwa kufuata riziki. Lakini ni makosa kudhani kwamba mfanyabiashara mdogo hawezi kulipa kabisa. Asiyeweza kumwajiri mhasibu peke yake, anaweza kumwajiri pamoja na wenzake 19. Wenye mashine za mpunga wa Mpanda, wauza mazao wa soko moja au wanachama wa SACCOS moja wakichanga shilingi 15,000 kila mmoja kwa mwezi, hupata shilingi 300,000 za kumlipa kijana mwenye cheti cha uhasibu apite kwa kila mmoja mara moja au mbili kwa mwezi. Vyuo vinatoa vijana wa aina hiyo kila mwaka, na wengi wao wamekaa wakisubiri tangazo la ajira serikalini. Mhasibu mmoja mwenye sifa kamili za Bodi akiwasimamia vijana 5 wa namna hiyo, soko zima litakuwa na vitabu.

Ushirika nao una fundisho lake. Wakulima wa tumbaku wa mkoa huo hawapati pembejeo za mkopo kwa sababu kila mmoja ana dhamana. Huzipata kwa sababu chama cha msingi kina vitabu, mkataba na mnunuzi, na ukaguzi. Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, COASCO, liliundwa mwaka 1982 kwa kazi hiyo. Pale vitabu vya chama vilipoharibika, mkulima alidaiwa deni asilolijua. Pale viliposimama, alipata mbolea kwa wakati. Warina asali wa Inyonga na wavuvi wa Karema wanaweza kuitumia njia hiyo hiyo, mradi waanze na mtunza hesabu kabla ya kuanza na ombi.

Halmashauri 5 za mkoa, yaani Mpanda, Nsimbo, Tanganyika, Mlele na Mpimbwe, zina wajibu ulio wazi zaidi. Tangu mwaka 2018 sheria imezitaka halmashauri zote nchini kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwezi Aprili 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa nchini kote, baada ya ukaguzi kuonyesha mabilioni ya shilingi ambayo hayakurejeshwa na vikundi ambavyo havikuwapo. Ilirejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Fundisho la kipindi kile lisisahaulike. Vikundi vingi vilipewa fedha kwanza na semina ya utunzaji wa hesabu baadaye, na vingine havikuipata kabisa. Kikundi kinachopewa shilingi milioni 10 bila daftari kimepewa mtihani bila somo. Ofisa maendeleo ya jamii na mhasibu wa halmashauri wangetumia miezi 3 ya kuvifundisha vikundi kuandika hesabu kabla ya kutoa hata senti moja, fedha ya wananchi ingekuwa na ulinzi mkubwa kuliko ule wa mgambo anayetumwa kudai.

Ieleweke, hata hivyo, kwamba mhasibu wa halmashauri anayehusika na kupitisha maombi hapaswi kuwa ndiye anayeyaandaa kwa malipo ya pembeni. Mtu mmoja hawezi kuwa mwombaji na hakimu. Atoe mafunzo kwa wote hadharani, na kazi ya kumwandalia mtu mmoja mmoja aiache kwa mwingine.

Walimu pia hawawezi kukaa kando. Somo la biashara limepewa nafasi katika mtaala mpya wa elimu ya sekondari, na mwalimu wa somo hilo ana maabara isiyogharimu kitu: duka lililo jirani na shule. Wanafunzi wakifundishwa kufunga hesabu ya mwezi ya duka la kweli, kwa ridhaa ya mwenye duka na kwa kutunza siri yake, wao hupata elimu na mwenye duka hupata daftari. Mtoto anayerudi nyumbani akijua tofauti ya mauzo na faida anaweza kuiokoa familia na deni la kijinga.

La mwisho, na ndilo zito kuliko yote, ni uaminifu. Wapo wanaojiita wahasibu ambao kazi yao ni kupika hesabu kwa siku moja ili mteja apate mkopo, kisha kuchukua asilimia yao na kutoweka. Hao si wasaidizi. Wanampeleka mwenzao katika deni ambalo biashara yake haikuwa na nguvu ya kulilipa, na siku ya mnada hawaonekani. Waswahili husema kukopa harusi, kulipa matanga. Mhasibu wa kweli hubaki na mteja wake hadi matanga yasiwepo: hufuatilia kama fedha imekwenda kulikokusudiwa, humkumbusha tarehe ya rejesho, na mavuno yakiharibika humpeleka mapema kwa mkopeshaji kuomba muda, kabla jina lake halijachafuka. Zaidi ya hayo, huwa na ujasiri wa kumwambia mteja kwamba mwaka huu asikope. Ushauri huo haumpatii mhasibu ada kubwa, lakini umeokoa nyumba nyingi.

Barabara ya lami sasa imeiunganisha Mpanda na Tabora, na bandari imejengwa Karema katika Ziwa Tanganyika, upande wa pili wa maji kukiwa na soko la Kongo. Bidhaa zitapita Katavi kwa vyovyote vile. Kinachopaswa kuamuliwa ni kama zitapita mikononi mwa wananchi wa mkoa huo wakiwa na mtaji wao, au kama watabaki vibarua wa kupakia magunia ya wafanyabiashara kutoka miji yenye mabenki na wahasibu. Bodi ya Wahasibu, vyuo vya uhasibu, halmashauri, SIDO, vyama vya ushirika na mabenki yenyewe yana uwezo wa kulijibu swali hilo katika msimu mmoja wa mavuno. Yaanze kabla ya Juni, wakati mpunga bado uko shambani, kwa kumpeleka mhasibu mmoja sokoni Mpanda akiwa na meza, kalamu na daftari.